Sentensi Iliyoliwa na Mchwa

Ninyi mnaoanza kushika chaki mwaka huu, msidhani nawaandikia ili mnipigie makofi. Makofi niliyapata siku ya kuagwa, pamoja na kitenge na keki iliyokuwa imekauka pembeni. Nawaandikia kwa sababu nilimkosesha msichana mmoja masomo yake kwa sentensi moja ambayo haikuwa kweli, na sentensi hiyo bado inatembea mjini Likasi, inanakiliwa na watoto ambao hawajawahi kuniona. Nataka mjue ilizaliwa vipi, msije mkazaa ya kwenu.

Naitwa Scholastique, lakini hakuna aliyewahi kulimaliza jina hilo. Mji mzima unaniita Madame Schola. Nilifundisha historia katika shule moja ya sekondari ya mtaa wa Kikula, darasa la pili, lile ambalo watoto wanaingia wakiwa wamechoshwa na Warumi na kutoka wakati Wareno wameshafika kwenye mlango wa mto wetu. Katikati hapo kuna makasri, tauni, watawa, wafalme wa Kongo na wayeyusha shaba wa nchi yetu hii ya Katanga. Ni sehemu tamu kuliko zote, na ndiyo inayofundishwa vibaya kuliko zote, kwa sababu kila mtu anadhani ni mambo ya mbali.

Vitabu hatukuwa navyo. Wengi wenu hamnavyo hata sasa, mna simu tu yenye kioo kilichopasuka. Sisi tulifundisha kwa notes: mwalimu anasoma kutoka daftari lake, watoto wanaandika, na kile walichoandika ndicho kitabu chao maisha yao yote. Wengine wanakuwa walimu na kuwasomea wengine kutoka daftari lilelile. Kwa hiyo unaposimama mbele ya darasa na kuanza kusoma, jua kwamba unachapisha kitabu. Hakuna atakayekisahihisha baada yako.

Aliyenifundisha kazi hii ni Prof Anselme. Alikuwa mwalimu wangu nikiwa msichana, kisha nikarudi shuleni hapo kama mwalimu nikamkuta bado yupo, na suti ileile ya kahawia na kikohozi kilekile. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa padri. Alikata kila chaki vipande viwili kabla ya kuandika, ili isipige kelele ubaoni. Chaki zilipoisha shuleni, aliandika kwa kipande cha muhogo mkavu, na mwisho wa somo mbuzi wa jirani walikuwa wanachungulia dirishani.

Ramani ya Afrika aliichora bila kutazama popote, kwa mstari mmoja usiokatika. Alianzia Tunis, akashuka magharibi, akapita mlango wa mto wetu, akazunguka kule chini, akapanda mpaka Bahari ya Shamu na kurudi alikoanzia. Nilijaribu miezi mingi. Afrika yangu ilikuwa inatoka na tumbo kubwa na mguu mfupi, watoto wanacheka. Siri aliniambia baadaye: usiangalie chaki, angalia pale unapokwenda. Jaribuni, mtaona.

Watoto wa Likasi hawajaona bahari. Ukiwaambia mabaharia walikaa miezi juu ya maji, wanaandika tu "miezi" na kupiga mstari. Prof Anselme aliwatoa nje. Alipima meli ya Wareno uani kwa hatua zake, akachora umbo lake kwa majivu, kisha akaliingiza darasa zima ndani. Aliweka magunia ya mchanga katikati: huu unga, hii nyama ya chumvi, haya maji yaliyoanza kunuka. Mmesimama saa moja, alisema, sasa kaeni hapo mpaka Pasaka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mabaharia waliasi, wala kwa nini ndimu moja ilikuwa na thamani kubwa kuliko nahodha.

Kisha aliwatoa ndani ya meli na kuwasimamisha upande wa pili wa mstari wa majivu. Sasa ninyi ni watu wa pwani ya Kongo, alisema, mnaona nini kinakuja? Darasani kwake hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema kwamba Mreno aligundua mto wetu. Aliyesema hivyo aliketishwa, akaanza upya: "Alifika." Nilimuuliza mara moja kama mkaguzi hatakasirika. Alinijibu kwamba mkaguzi naye alizaliwa upande huu wa mstari.

Tena alikuwa na desturi moja ambayo nilikuja kuitupa, na kuitupa kwangu ndiko kulikozaa hii habari yote. Mwisho wa kila somo, chini kabisa ya ubao, aliandika mstari mmoja: "Imetoka wapi?" Kisha alitaja: barua ya mfalme fulani, kitabu fulani cha baharia, vyungu vilivyofukuliwa kaburini, au mzee fulani aliyeulizwa. Watoto waliuchukia mstari huo kwa sababu kengele ilikuwa imeshapigwa. Mimi nilipoanza kufundisha peke yangu niliufuta. Nilijiambia naokoa muda na chaki.

Macho ya Prof Anselme yalipoanza kuingia ukungu, aliacha kazi. Siku ya mwisho aliniletea daftari lake, lile kubwa lenye jalada jeusi, akaliweka mikononi mwangu kwa mikono yote miwili. "Schola, hii ni kazi yangu yote," alisema. "Ukiona kosa, uliza watu, halafu usahihishe." Nililia, na yeye akanikaripia kwa kulia.

Likizo kubwa ilipofika, nililiacha daftari hilo katika kabati la shule. Kabati la mbao, lililogusa ukuta wa udongo. Niliporudi, mchwa walikuwa wameingia kutoka ukutani na kula kuanzia nyuma kwenda mbele. Warumi walipona. Makasri yalipona nusu. Somo la shaba yetu lilikuwa limetobolewa katikati, mashimo yenye kingo za udongo mwekundu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Prof Anselme alikuwa anaishi mitaa miwili tu kutoka kwangu. Alikuwa haoni, lakini kichwa chake kilikuwa kizima. Angeweza kunisomea daftari lote kwa moyo akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda, kubisha hodi na kusema: Prof, mchwa wamekula kazi yako, nisaidie. Nilishindwa. Niliona aibu. Kila Jumapili baada ya misa nilimsalimia, akaniuliza daftari linaendeleaje, nami nikajibu kwamba linaendelea vizuri. Nilinunua daftari jipya, nikanakili yaliyobaki, na mashimo nikayajaza kwa akili yangu mwenyewe.

Somo lenyewe lilikuwa zuri. Lilieleza jinsi mababu wa huku, karne nyingi kabla ya meli yoyote ya Mreno, walivyoyeyusha shaba wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makaa na mawe ya kijani, wakapuliza kwa mivukuto mpaka shaba ikashuka. Waliimwaga katika kalibu za mchanga, ikatoka misalaba midogo na mikubwa, ambayo ilisafiri mbali na kuzikwa pamoja na wafu, vifuani mwao. Watoto wangu Wakatoliki walidhani misalaba hiyo ililetwa na mapadri. Kuwaambia kwamba ilikuwepo kabla padri wa kwanza hajajua njia ya kuja huku, na kwamba haikuwa na habari ya kanisa kabisa, ilikuwa raha yangu ya kila mwaka.

Notes zilikuwa kwa Kifaransa, kama shule inavyotaka. Hapa nawaandikia kwa lugha yetu. Sentensi moja katika daftari la Prof ilianza na neno "wanawake". Kisha shimo, kubwa kama sahani ya kikombe. Ng'ambo ya shimo ikabaki "hawakuruhusiwa". Na chini yake shimo lingine. Nilitazama ncha hizo mbili, nikaziunganisha, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Wanawake hawakuruhusiwa kushiriki katika kazi ya shaba." Ilisikika vizuri. Ilisikika kama historia. Mkaguzi alipokuja mwaka ule alisoma daftari langu jipya, akasema notes zangu zimenyooka.

Miaka ilipita hivyo. Prof Anselme alikufa bila kujua, nikaimba kwenye mazishi yake.

Mwape alikuja darasani kwangu baadaye. Clarisse Mwape, msichana mrefu, mkimya, aliyekaa benchi ya nyuma kwa sababu ya urefu wake. Nyumbani walikuwa yeye, mama yake na bibi yake. Mama yake alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoosha mawe ya wachimbaji pale mtoni, wameinama majini hadi magotini, na Mwape alikwenda naye siku za Jumamosi. Kila mtu Likasi anawajua wanawake hao. Mimi mwenyewe nilipita pale kila asubuhi nikienda shuleni, nikawasalimia, kisha nikaingia darasani na kusoma kwamba wanawake hawakugusa shaba. Macho yangu na mdomo wangu havikuwahi kukutana.

Siku nilipoisoma sentensi ile, kalamu zote zilikuwa zinakwaruza, isipokuwa moja. Mwape aliinua mkono. Ilimpasa kuongea Kifaransa, lakini alikuwa na haraka ya kusema, Kiswahili cha nyumbani kikamtoka.

"Madame, pardon. Ku kwetu, nkambo anasemaka bamama njo balikuwa banaokota ile mawe. Balikuwa banasukula ku mutoni na bikapu. Batoto pia. Ni ku feu tu njo balibakatazaka kufika."

Nkambo ndilo neno letu la bibi au babu; kusukula ni kuosha, na feu ni moto. Nilikuwa nimechelewa katika programu, joto lilikuwa kali, na kusema kweli sikupenda kusahihishwa na mtoto wa benchi ya nyuma. Nikamjibu kwa lugha yake, ili iume zaidi.

"Nkambo yako alisomaka université gani?"

Darasa likaangua kicheko. Naijua kazi yangu. Nilijua watacheka kabla sijafungua mdomo. Mwape akaketi. Hakuandika.

Mwishoni mwa mwaka niliweka swali hilo kwenye mtihani, tena lenye alama nyingi. Mwape alijaza ukurasa mzima. Alieleza jinsi wanawake walivyotambua jiwe zuri kwa kulilamba, jinsi walivyoshika kikapu majini na kukitikisa mpaka mchanga mwepesi ukaondoka, jinsi watoto walivyochagua vipande vidogo, na jinsi wote walivyokaa mbali siku ya moto. Ulikuwa ukurasa bora kuliko wowote niliowahi kuusahihisha. Nikaweka sifuri kwa kalamu nyekundu, na chini yake nikaandika: "Hukusoma notes zako."

Mnajua walimu tunavyokaa mwisho wa mwaka kuamua nani apande na nani arudie. Jina la Mwape lilipofika, ilionekana amekosa alama chache tu, na zote ziko kwenye historia. Mwalimu wa hesabu aliniambia, "Madame Schola, mushikie mukono kidogo, mutoto anafanyaka kazi." Ni kawaida, tumewashika mikono wengi, wengine wavivu wa kupindukia. Nilisema hapana. Nilisema mtoto ana kiburi, mwaka mmoja utamtuliza. Nilikuwa nasema habari zangu mwenyewe, lakini wakati ule sikujisikia.

Kurudia mwaka kwao halikuwa jambo la kutuliza; ilikuwa ada ya mwaka mzima wasiyokuwa nayo. Septemba benchi ya nyuma ilikuwa na mtu mwingine. Jumatatu moja niliona, pale mtoni, mgongo mrefu ulioinama karibu na mgongo wa mama yake. Nilibadilisha njia ya kwenda shuleni. Nilisema ile ya kwanza ina matope.

Hapo kuna kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza, na ndilo nataka mlikumbuke. Kujaza shimo ni udhaifu; kila mwalimu aliyechoka amewahi kufanya hivyo. Lakini kubadilisha njia ili usimwone uliyemwangusha, hiyo ni kazi unayoifanya kila siku, ukiwa macho.

Nilistaafu. Miaka michache baadaye mama yangu alifariki, katika nyumba ya mtaa wa Shituru tuliyopewa zamani kwa ajili ya kazi ya baba. Mimi na wadogo zangu tulikwenda kuondoa vitu. Chini ya kitanda kulikuwa na kasha la bati, na ndani ya kasha mama alikuwa ameweka vyeti vya ubatizo, viatu vya mtoto, na madaftari yangu ya shule. Mama hakujua kusoma. Aliyaweka yote.

Nilifungua la historia kwa mchezo, nicheke mwandiko wangu wa utotoni. Nikafika kwenye somo la shaba, notes za Prof Anselme, zilizoandikwa na mkono wangu nikiwa na umri uleule wa Mwape. Bati halina mchwa. Sentensi ilikuwa nzima.

"Wanawake na watoto ndio waliookota, kuchagua na kuosha mawe ya kijani, bila wao kusingekuwa na shaba. Siku ya kuyeyusha tu hawakuruhusiwa kukaribia tanuru." Na chini yake, mstari ule niliouchukia: "Imetoka wapi? Nimewauliza wanawake wazee wa huku, walioiona kazi hiyo kwa macho yao." Pembeni nilikuwa nimechora kikapu, kibaya sana, na mawe yakidondoka.

Niliketi sakafuni. Mdogo wangu alidhani nimemlilia mama. Nilimlilia mama pia, lakini zaidi nililia kwa sababu nilikuwa nimelijua jambo hilo. Sikuwa hata na kisingizio cha mtu asiyefundishwa. Nililiandika, nikalichorea kikapu, nikalisahau, na mtoto alipokuja kunikumbusha nikalifanya darasa limcheke.

Siku ya tatu baada ya kilio nilimtafuta Mwape. Sio kazi ngumu Kikula, ukiuliza wawili wa tatu anakuonyesha. Anauza sokoni unga wa bukari, ugali wetu, karibu na wauza samaki wakavu. Amekuwa mama mzima, mabega mapana, mikono myeupe ya unga hadi viwikoni. Aliniona kabla sijamwona.

"Madame Schola," alisema. "Ulizeeka."

"Nilizeeka, mama."

"Unatafuta bunga?"

"Apana. Minakutafuta weye."

Nilimpa daftari likiwa limefunguliwa. Alijipangusa vidole kwenye kitenge, lakini unga ulibaki, ukaacha alama kwenye pembe ya karatasi. Alisoma polepole, midomo ikitembea, mteja akasubiri, akachoka, akaenda kwa mwingine. Alipomaliza akarudi mwanzo wa sentensi.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Ni yangu. Nilikuwa na miaka sawa yako ya ile wakati."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Nilisahau."

"Minye sikusahau hata siku moja." Alinirudishia daftari. "Madame, unangojea niseme haina neno? Sitasema. Ile mwaka, hauna namna ya kunirudishia. Balinichekaka mpaka njiani. 'Université ya nkambo', njo balikuwa bananiita. Nkambo alisikia. Aliniuliza ni jambo gani nilisema ku masomo. Nikamudanganya."

Nikalifunga daftari. Alipima unga wa mama mmoja, akamfungia, kisha akanigeukia tena, na sasa sauti ilikuwa chini.

"Mutoto yangu Grâce iko mu ile classe. Ile ile. Prof Trésor njo anabafundisha. Wiki ilipita alileta cahier, nikaona ile maneno, hata moja haikubadilika. Nikamwambia ni bongo, haiko kweli. Akaniambia: 'Mama, weye hukumaliza masomo. Prof anajua.' Mutoto yangu mwenyewe! Anafikiri nkambo yangu alikuwa muongo, na minye mujinga. Kama unataka kunifanyia kintu, Madame, enda useme kule. Usiseme hapa ku bunga."

Trésor alikuwa mwanafunzi wangu, mmoja wa wale walioandika kwa utulivu na kucheka kwa sauti siku ile. Ni mwalimu mzuri. Ramani yake ya Afrika ni bora kuliko yangu. Nilimkuta chumba cha walimu, nikamweleza yote. Alijikuna kichwa.

"Madame, lakini ni Madame mwenyewe njo alitupatiaka ile notes. Wenzangu ku shule ingine banafundisha sawa vile. Bakiuliza mu examen, batoto bataandika nini?"

"Bataandika kweli. Na bakibapiga sifuri, weye utaenda kusimama pale na kusema. Minye sikusimamaka."

Aliipitia ratiba yake mara mbili, kijana yule. Sikumlaumu. Mwisho alinipa saa yake ya Alhamisi.

Nilipanda ngazi za darasa lile kwa shida, magoti yakilalamika. Rangi ya ukuta imebadilika, benchi ya nyuma ni ileile. Watoto walisimama, "Bonjour, Madame", wakaketi. Nilimtambua Grâce bila kuuliza. Urefu ni wa mama yake. Nikakata chaki vipande viwili. Nikachora Afrika kwa mstari mmoja, nikiangalia pale ninapokwenda. Kisha nikawaambia wafungue madaftari kwenye sentensi ile.

"Aliyeiandika ni mimi," nikasema. "Siyo Prof wenu. Mchwa walikula ukurasa, nikaona aibu kuuliza, nikajaza kwa kichwa changu. Si kweli. Msichana mmoja alisimama hapa akaniambia si kweli, na bibi yake ndiye aliyemfundisha. Nilimcheka, nikampa sifuri, akaacha shule. Yeye alikuwa sahihi. Futeni."

Hawakufuta. Walitazamana. Mnajua tunavyowatisha kuhusu usafi wa daftari. Mwishowe mmoja akauliza, "Na règle, Madame?"

"Na rula, ndiyo. Kalamu nyekundu mkiwa nayo."

Nikasikia rula zikiwekwa, moja baada ya nyingine. Nikawasomea sentensi ya Prof Anselme kama alivyonisomea mimi: mara ya kwanza nzima, mara ya pili vipande vipande, mara ya tatu nzima. Wanawake na watoto ndio waliookota, kuchagua na kuosha. Grâce aliandika akiwa ameinama sana, sikuuona uso wake.

Kisha nikageukia ubao, chini kabisa, nikaandika mstari nilioufuta miaka yote ile: "Imetoka wapi?" Na mbele yake nikaandika: "Wanawake wazee wa huku. Bibi yake Clarisse Mwape."

"Madame."

Sauti ilitoka mlangoni. Mwape alikuwa amesimama pale, na kitenge chake cha sokoni, unga mikononi. Sijui alikuwa amefika tangu lini. Trésor akainuka kumpa kiti, lakini Mwape hakukitazama.

"Nkambo yangu iko na jina," alisema.

Miaka yote ile niliwafanya watoto washike kwa moyo majina ya manahodha wa Kireno, na herufi zake zote, na aliyekosea herufi moja nilimkata alama. Jina la mwanamke huyu, aliyekuwa anajua shaba kuliko mimi, aliyeishi Kikula, niliyeweza kumfikia kwa miguu, sikuwahi kuliuliza. Niliona aibu mbele ya watoto wote, na safari hii sikukimbia.

"Alikuwa anaitwa nani, mama?"

"Ngosa. Élisabeth Ngosa."

Nikafuta kwa kiganja, nikaandika upya. Nyuma yangu kalamu zikaanza kukwaruza. Kisha kalamu moja ikasimama, na Grâce akainua mkono, akiuliza kama wanavyouliza kila siku kuhusu majina ya wageni.

"Ngosa na s moja, ao mbili?"

Alikuwa ananitazama mimi. Nikamtazama mama yake, na darasa lote likageuka kumtazama.

"Moja," alisema Mwape.

Wakaandika.